Acheni Kucheka Miami Connection Kama Nyinyi Ndio Spielberg

Wasee, leo sina salamu ndefu. Wiki jana niliweka klipu hapa: jamaa anapata barua, anaanza kupiga mayowe huku akilia, ati babake amepatikana. Mlicheka mkamaliza. Mimi ndiye niliandika juu yake "muigizaji bora wa mwaka" na zile emoji za machozi. Hakuna kitu nimewahi kuweka kikatazamwa hivyo. Jana usiku nimeitoa. Wengi mmeuliza kwa nini, wengine kwa matusi, kwa hivyo nitajibu mara moja.

Ile movi inaitwa Miami Connection. Ilishutiwa Florida, Marekani, ikatoka 1988. Vijana watano mayatima wanaishi nyumba moja, wanasoma chuo kimoja, wanacheza kwa bendi moja inayoitwa Dragon Sound, na wote ni watu wa taekwondo. Mchana wako darasani, usiku wako jukwaani, na katikati ya hapo wanapigana na maninja wa pikipiki walioingia biashara ya kokeini. Jina linasema Miami lakini karibu muda wote wako Orlando. Bendi ina wimbo kuhusu urafiki na mwingine kuhusu kupambana na maninja. Usiulize, wewe tazama tu.

Mimi niliiona kwa binamu yangu, Kahawa West. Alirudi kutoka ng'ambo na diski yake ya Blu-ray, tukaisukuma kwa PlayStation, watu sita kwa bedsitter moja. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Watu wanaongea kama wanasoma mtihani wa kumezesha. Mtu anapigwa teke, anaanguka kabla mguu haujamfikia. Kuna mandevu ya kila aina. Sitadanganya hapa ati ni movi nzuri ambayo haikueleweka. Si nzuri. Uandishi ni mbovu, uigizaji ni mbovu, na kuna nusu saa nzima pale unajiuliza maninja wameenda wapi.

Lakini wakati wengine waliondoka, mimi nikabaki nikisoma habari ya ile movi, na hapo ndipo kicheko kilianza kunikwama.

Staring ni Y.K. Kim. Ni Mkorea aliyehamia Marekani, akafungua shule ya taekwondo Orlando. Hakuwa mtu wa movi. Mwongozaji kutoka kwao Korea, Park Woo-sang, ndiye aliyemshawishi waitengeneze. Hakuwa na waigizaji, kwa hivyo akachukua wanafunzi wake wa taekwondo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuvunjika na akakubali kusimama mbele ya kamera nacho movi nzima. Pesa zikaisha, akakopa marafiki, akaendelea. Inasemekana alitumia karibu dola milioni moja. Mwaka huo huo Rambo III ilikula zaidi ya dola milioni 50, na hebu kuwa mkweli, unakumbuka nini kwa Rambo III zaidi ya helikopta?

Akaipeleka kwa wasambazaji, wakaikataa mmoja baada ya mwingine. Sasa sikiza hii. Yule kijana wa barua, Jim, kwenye mwisho wa kwanza alikufa. Anachomwa upanga na maninja akiwa njiani kwenda kumpokea babake uwanja wa ndege, na hadithi inamwacha hapo. Kim, baada ya kukataliwa kote, na akiwa ameishiwa, alirudi akashuti mwisho mpya ili Jim aishi na akutane na babake. Sisi tuliokulia kwa vibanda vya video tunajua sheria: staring hafi. Jim hata si staring. Mtu alitafuta pesa ambazo hana ili rafiki wa staring asife kabla hajamwona mzazi wake.

Ikatoka kwa kumbi chache za huko Florida, ikaanguka. Kim karibu apoteze kila kitu. Akarudi kufundisha taekwondo na akafunika hilo jambo.

Miaka ikapita zaidi ya ishirini. 2009, mtu wa kampuni ya sinema ya Alamo Drafthouse, Zack Carlson, akaona mkanda wa hiyo movi ukiuzwa eBay. Hakuwa ameiona wala kuisikia. Akatoa dola 50. Hamsini! Wakaionyesha, watu wakapagawa, wakamtafuta Kim. Walipompigia simu, alidhani ni utani akakata. Fikiria umeumizwa na kitu kiasi kwamba mtu akikupigia kukisifu unajua moja kwa moja anakucheka. 2012 wakaitoa upya kwa kumbi, kisha kwa diski, ikiwa imesafishwa, na ule mwisho wa kwanza ukiwa kwa nyongeza. Ndiyo hiyo binamu yangu alibeba.

Najua mtakachosema, kwa sababu mmeshakisema kwa maoni: "Si ni kicheko ndicho kiliiokoa? Bila watu kucheka ingekuwa imeoza." Kweli. Sipingi. Ila mnachanganya vicheko viwili.

Kuna kicheko cha kibanda cha video. Mlikaa kwa benchi, shilingi kumi mlangoni, DJ Afro anatafsiri, anamtania jambazi, anamtania hata staring, na nyote mnajua lile teke ni la uongo. Lakini Jim akichomwa upanga, kibanda kinanyamaza. Mnacheka mkiwa ndani ya hadithi. Halafu kuna hiki chetu cha simu: unakata sekunde chache, unatupa hadithi yote, unamwacha mtu analia bila sababu, unaandika maneno ya kejeli juu, unahesabu likes. Hivyo ndivyo nilifanya mimi. Kwa klipu yangu hamkujua Jim ni nani wala kwamba amemtafuta babake maisha yake yote. Ningewaambia, msingecheka vile, na mimi nisingepata namba zile. Kwa hivyo sikuwaambia.

Na kinachonichoma zaidi ni unafiki wetu. Mzungu akisema Miami Connection ni ya kufurahisha, tunaifurahia. Tunajua majina ya waigizaji, tunataka fulana. Lakini mtu wa River Road akitoa movi yenye sauti inayokatika na damu ya juisi, huyo ni "mshamba", "ametuaibisha", "Wakenya hatuwezi". Kwani tofauti ni gani? Kim naye sauti yake inakatika! Zile komedi za Riverwood, za Kikuyu, za Kikamba, za Kiswahili, zilizouzwa kwa VCD mtaani, wangapi kati yenu mnazo? Nimetafuta kwetu nyumbani nikapata moja tu, kwa shangazi, imekwaruzwa hadi inakwama dakika ya kumi na mbili. Hakuna mtu wa dola 50 anayekuja kuokoa hiyo. Sisi ndio tungekuwa huyo mtu, na tulikuwa bize tukicheka.

Hapo jirani Uganda, Nabwana IGG aliitengeneza Who Killed Captain Alex akiwa Wakaliga, mtaa wa mabanda Kampala, kwa pesa inayosemekana haikufika dola 200. Trela ilipowekwa YouTube 2010 dunia nzima ikaijua. Na mnajua ile ya asili iko wapi? Haipo. Aliifuta kwa kompyuta yake ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Tulichobaki nacho ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akitania juu yake mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kwa DVD. Mimi naipenda hiyo sauti, usinielewe vibaya. Lakini hutawahi kuiona ile movi bila mtu kuongea juu yake. Nafasi kwa diski ilikosekana, basi.

Sasa niseme yangu, kwa sababu mtu ataandika "kwani wewe umewahi kutengeneza nini."

Nikiwa fomu tatu, mimi na wasee wanne tulishuti movi kwa simu. Dakika ishirini na moja. Genge linaiba mita za maji, sisi tunalifukuza. Damu ilikuwa rangi ya chakula na unga wa ngano. Nilikuwa staring, na kuna mahali nalia kwa sababu ndugu yangu kwa hiyo hadithi amepigwa. Nililia kwa bidii kabisa. Tukaiweka kwa grupu ya darasa. Ndani ya saa moja mtu alikuwa amekata pale nalia tu, ameweka wimbo wa katuni, na kufikia Jumatatu shule nzima ilikuwa inanililia kwa korido. Nilifuta kwa simu yangu, nikawaomba wengine wafute, na tangu hapo sijawahi kuigiza. Nikawa mtu wa kucheka wengine. Hii ukurasa yote mnayoipenda ilianzia hapo, kama mlikuwa hamjui.

Kwa hivyo jana, baada ya kutoa ile klipu, niliandikia wale wasee wanne nikiuliza kama kuna aliyesahau kufuta. Watatu wamesema hawana. Brayo amesema ana memori kadi ya ile simu yake ya zamani, ameweka kwa kasha la viatu kwao Machakos, hajui kama bado inasoma. Anaenda huko Ijumaa.

Ikisoma, nitaiweka hapa yote, dakika ishirini na moja, bila kukata popote. Sehemu ya maoni nitaiacha wazi.