Mizani ya haki ndiyo itakayokuza biashara ya viazi Kuresoi

Wenye kampuni ndogo za kuuza viazi Kuresoi hulalamika kwamba soko ni finyu. Ukweli ni kwamba soko lipo, ila lina masharti yake.

Mnamo Januari 2022, mikahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa na vibanzi baada ya shehena ya viazi kutoka ng'ambo kuchelewa. Wakenya wengi walihoji ni kwa nini viazi vya humu nchini havikununuliwa. Kampuni hiyo ilieleza kuwa wauzaji wake sharti waidhinishwe kwanza.

Aidha, kanuni za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Anayejaza gunia kupita kiasi ili kumridhisha dalali humpunja mkulima leo, na kesho humkosa.

Isitoshe, ghasia za 1992 na za 2007-2008 ziliwafurusha wengi Kuresoi na kusambaratisha biashara zao. Kwa hivyo, mtaji wa kwanza huko ni kuaminiana.

Atakayepima kwa haki, kulipa kwa wakati na kuandika kila mzigo ulikotoka, ndiye atakayeyafikia masoko makubwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.