Dani si "mawasiliano binafsi"

Wasee wa mwaka wa nne, na nyinyi wa masters mnaojifanya hamtuoni, hii ni yenu. Ile orodha ya marejeleo mwisho wa makala si mapambo. Si kitu ya kuachia mtu wa saiba akupangie usiku wa kuamkia dedilaini. Orodha hiyo inasema ni nani anajua kitu na ni nani alikuwa anapiga stori tu. Na vile tunaipanga huku kwetu, wazee wetu wote wanaangukia upande wa kupiga stori.

Chukua Simbi Nyaima, lile ziwa la kreta karibu na Kendu Bay. Ukikulia Karachuonyo hadithi unaijua. Mwanamke mzee, mgeni, anafika kijijini usiku watu wakiwa kwa sherehe, ananyimwa makaribisho, mvua inashuka, kijiji kinazama na watu wake. Uliisikia kwa dani, jioni, na pengine dani wako ana sehemu ambayo dani wa jirani hana. Sasa uko Rongo University au Tom Mboya, unaandika makala ya jarida kuhusu hilo ziwa, na umefika kwa marejeleo. Dani anaingia wapi?

Ukifuata APA, toleo la 7, lile la 2019, mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata mwenyewe yanaitwa mawasiliano binafsi. Unayataja ndani ya makala kwa mabano, jina na tarehe, imeisha. Kwa orodha ya mwisho hayaingii. Lakini blogu ya kuuza safari za watalii, imeandikwa na mtu hajawahi kanyaga Kendu Bay, amenakili kutoka blogu ingine, hiyo inaingia bila shida. Ina mwandishi, ina mwaka, ina kichwa, ina linki. Sasa mwanafunzi mjanja atafanya nini? Atamwacha dani na kubeba blogu. Supavaiza ataona orodha imejaa na kuweka tiki.

Hiyo ndiyo inanikera. Fomati inafanya nakala ya nakala ionekane chanzo, na chanzo chenyewe kionekane umbea.

Niwe fair kidogo. Sheria ina sababu. Marejeleo yapo ili msomaji afuate njia yako aone kama ulidanganya, na huwezi kumtuma msomaji wa Uholanzi abishe mlango wa dani. Lakini APA ni kazi ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Hakuna mtu kwenye hicho kikao alikuwa anafikiria Thimlich Ohinga.

Na Thimlich ndiyo mfano mzuri zaidi. Iko hapa Migori, kuta za mawe zimepangwa bila saruji wala udongo wa kushikilia, kuna mahali zinapita mita 4, na zimesimama tangu karne ya 16 hivi. UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2018. Waliojenga hawakuacha hata ukurasa mmoja. Ukitaka kazi ya mwanaakiolojia Isaya Onjala kwa jarida la Azania, ni rahisi: Onjala, I. (2003), halafu unaendelea. Lakini ukitaka kujua koo gani zilikaa ndani, ama kwa nini watu walihama, lazima uketi na wazee wa Kabuoch. Jaduong' anakupa mchana mzima. Halafu kwa project yako anaitwa "Mhojiwa 4".

Hata ukiandika jina, fomati inalikata. "Otieno, J." ni nani? Otieno ni yeyote aliyezaliwa usiku. Unaweza jaza basi ya Migori na akina Otieno J. na wengine wabaki stejini.

Kuna watu walishachoka na hii mambo. Huko Kanada, Lorisia MacLeod, mkutubi wa jamii ya James Smith Cree, alichapisha 2021 fomati za kuwarejelea wazee wa jamii za asili, moja ya APA na moja ya MLA. Mzee anaingia kwa orodha kabisa: jina, jamii yake, anakoishi, alichokufundisha, tarehe. Jaribu ya kwetu, na jina la kubuni: Otieno, J., Mjaluo wa Kabuoch, Kaunti ya Migori, historia ya kuta za Thimlich Ohinga, mawasiliano ya mdomo, Machi 3, 2025. Ona vile Otieno J. amekuwa mtu mmoja ghafla. Na APA hiyohiyo ya 2019 inakubali utaje jina kamili, jamii na mahali pa mwenye maarifa ya asili, lakini ndani ya makala. Ni hatua, ila bado wamemwacha nje ya orodha. MLA nayo siku zote imeruhusu mahojiano uliyofanya mwenyewe yaingie kwa orodha.

Na kuna njia ya kuwashinda kwa sheria yao wenyewe. Rekodi mazungumzo kwa ruhusa, yaandike, uombe maktaba ya chuo iyahifadhi mahali msomaji anaweza kuyapata. Hapo hakuna tena cha "binafsi". Jaduong' ana chanzo chenye linki, kama mwenye blogu.

Kuna mahali sitaki jina kabisa. Homa Bay na Migori zimefanyiwa utafiti wa HIV mpaka watu wamezoea kuulizwa maswali. Huko, "Mhojiwa 4" ni ngao, na mtu asiiguse. Shida ni kubeba hiyo ngao kutoka utafiti wa hospitali na kuitupia mzee anayekueleza historia, mzee ambaye pengine angefurahi kuona jina lake. Muulize tu. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka ruhusa yake, haikukataza kumtaja.

Msiniambie ati hiyo si usomi. Bethwell Ogot alichapisha historia yake ya Wajaluo wa kusini 1967, imejengwa juu ya masimulizi ya wazee, wakati maprofesa wakubwa Ulaya walikuwa wanasema bila maandishi hakuna historia.

Mhariri akikwambia umuweke mzee kwa shukrani, kataa kwa heshima. Shukrani ni ya aliyekupikia chai. Andika mistari miwili ya barua, taja fomati ya MacLeod, uombe ajibu kwa maandishi. Na kabla hujatoka kwa boma la mzee, uliza jina linaandikwaje. Ochieng' ana ile alama ya juu mwishoni, na kompyuta ya jarida itajaribu kuitoa. Irudishe.