Sufeilihi Naye Apewe Jina Lake



Nyumbani kwa bibi, Qalhat, kuna kombe moja dirishani. Lina umbo la sikio, nje limeparara, ndani linang'ara kama lulu, na ukingoni lina safu ya vitundu. Ni la konokono wa baharini aitwaye sufeilihi. Tulipomtaja kwa jina hilo katika mkutano wa klabu, mwenzetu mmoja alitukatiza: "Hilo ni neno la Kiarabu. Semeni konokono."

Hatukubaliani naye.

Sufeilihi huyu haishi Unguja wala Mombasa. Hata hapa Qalhat hayupo. Makao yake ni miamba ya pwani ya Dhofar, pande za Mirbat na Sadah. Upepo wa kusi unapovuma kuanzia Juni, husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi hupanda kutoka chini, mpaka joto la bahari linashuka hadi chini ya nyuzi 20. Maji hayo yana rutuba. Mwani husitawi, na sufeilihi hula mwani. Upepo huohuo ndio uliorudisha majahazi ya Sur kutoka Unguja, na ndani yake watu na maneno. Kusi ni neno letu. Anayelishwa na kusi atakuwaje mgeni kwetu?

Tena "konokono" halitoshi. Konokono wako tele, hata bustanini, lakini sheria ya Oman inamtaja huyu: huvuliwa kwa msimu mfupi tu, na mwenye kombe lisilofika sentimita 9 haruhusiwi kuchukuliwa. Sisi tulianza kwa jina. Jina likatufikisha kwenye sheria, na sheria ikatufanya tuchukue rula. Kombe la bibi lilikuwa na sentimita 7. Bibi alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe alikuwa mtoto." Miaka yote lilikuwa pambo tu, kwa sababu hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa akiishi ndani.

Wapo watakaosema kwamba kila nchi ikiingiza maneno yake, hatutaelewana. Hofu hiyo ina maana, lakini dawa yake ni kueleza, si kufuta. Bandari na nahodha ni maneno yaliyotoka Uajemi, na leo nani anayadai? Yaliingia kwa sababu watu walikuwa na kazi nayo.

Ombi letu ni dogo. Kila toleo la jarida hili litenge nusu ukurasa kwa maneno tunayoyasikia majumbani mwetu, Sur, Ibra na Nizwa, pamoja na maelezo yake. Walimu watusahihishe tunapokosea maana, ila wasitufutie neno. Bibi zetu wanazidi kuzeeka, na maneno waliyo nayo hayamo yote katika kamusi.

La kwanza tumeshalileta: sufeilihi.