Kilichouzwa Hakimo Kabatini

Mgeni anayetembelea makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, hakawii kukutana na kaure za China. Zimekaa nyuma ya kioo, na anaambiwa zililetwa na biashara. Ni kweli. Lakini biashara ni ya wawili, na aliyeleta bakuli hakulitoa sadaka. Alichukua nini? Swali hilo ndilo lililotusukuma kutenga toleo hili zima kwa biashara ya kale, kwa sababu tunaamini tumezoea kutazama nusu tu ya mapatano. Kabatini kimewekwa kilichonunuliwa. Kilichouzwa kilipakiwa chomboni kikaenda zake na kusi.

Al-Masudi, aliyesafiri pwani hii mwaka 916, aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Wahindi walizichonga mipini ya majambia na kete za sataranji. Ongeza magamba ya ng'amba, ambari, dhahabu ya Sofala, boriti za mikoko. Ongeza na watu. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, ameeleza jinsi sultani alivyokuwa akipeleka vita bara na kurudi na nyara. Mateka hawaachi vigae nyuma yao, na boriti haikai ardhini miaka elfu. Mwanaakiolojia anayetaka kuijua biashara hii anaanza kazi akiwa amekwishapoteza sehemu kubwa ya ushahidi.

Kizazi cha kwanza cha wachimbaji kilishika kilichobaki. James Kirkman alianza Gede mwaka 1948, na Neville Chittick akaichimba Kilwa katika miaka ya 1960. Wote wawili walivitegemea sana vigae vya kigeni, na walikuwa na sababu: karne ya kutengenezwa kwa kaure fulani inajulikana, hivyo kigae kimoja kinaweza kukupa umri wa tabaka zima. Ubaya ni kwamba kilichokuwa kalenda kiligeuzwa cheti cha kuzaliwa. Miji ikasomwa kuwa ya wageni kwa kuwa vitu vya wageni ndivyo vilivyosomwa, ingawa katika machimbo mengi ya pwani zaidi ya vigae tisini kwa kila mia ni vya vyungu vya nyumbani. Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti, na vyungu vya wenyeji tangu tabaka la chini kabisa. Vyungu vya aina hiyo, vyenye mapambo ya pembetatu zilizochanjwa, Felix Chami amevifuatilia hadi bara ya Tanzania. Pwani ilikuwa na jamaa zake bara kabla haijawa na wateja ng'ambo.

Mfano tunaoupenda kuliko yote unatoka Unguja Ukuu. Hapo kilichimbuliwa chombo cha shaba cha karne ya 7 au ya 8, ndani yake mna utomvu ulioungua. Hapo kila mtu angesema: hiki ni chetezo, basi huo ni ubani, basi umetoka Arabuni. Utomvu ukapelekwa maabara, kemia yake ikapimwa, na mwaka 2015 majibu yakachapishwa. Ni sandarusi, utomvu wa mti unaoota hapahapa kwetu. Kufukiza ilikuwa desturi ya bahari nzima, ila kilichotiwa motoni kilikuwa cha Afrika Mashariki. (Karne kumi na moja baadaye sandarusi hiyohiyo ilikuwa ikijaza meli za Salem, Marekani, ili huko itengenezwe vanishi.) Bila kipimo kile, Unguja ingeandikwa katika daftari la wanunuzi kwa bidhaa iliyokuwa yake.

Ushanga nao ulipuuzwa zamani kwa sababu rahisi tu: shanga nyingi ni ndogo kuliko punje ya mtama, na chekecheo zilizotumika zilikuwa na matundu makubwa. Leo udongo huchekechwa kwa wavu mwembamba, na mwale wa leza huchoma shanga tundu lisiloonekana kwa macho ili ijulikane kioo chake kilipikwa kwa madini ya wapi, Asia ya Kusini au nchi za Ghuba. Lakini hata hapa usikimbilie wageni. Tumbe, kisiwani Pemba, wachimbaji walipata vigae kwa maelfu vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusagwa vitu juu yake, na inaelekea ndipo kombe za baharini zilipokuwa zikisuguliwa kuwa shanga. Hicho ni kiwanda, na hakuna kabati la kioo linalokipa heshima yake.

Kujua kitu kimetoka wapi si kujua kimefikaje. Obsidiani ya Naivasha imepatikana Mumba na Nasera, kaskazini mwa Tanzania, mwendo wa zaidi ya kilomita mia mbili, katika tabaka za Enzi za Mawe. Je, alikwenda mtu, au lilikwenda jiwe likipokezanwa mkono kwa mkono? Colin Renfrew na wenzake, wakichunguza obsidiani ya Uturuki katika miaka ya 1960, walionyesha njia ya kujibu: pima jiwe linavyopungua kadiri unavyosogea mbali na chimbuko lake. Kupokezana kuna mteremko wake. Dawa hiyo ingewafaa wale wanaoona sarafu za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, Australia, wakamwona na nahodha Mswahili aliyezimwaga pale. Sarafu inasafiri mfukoni mwa yeyote.

Nusu yetu iliyopotea, basi, itafutwe wapi? Sisi tunasema ng'ambo. Pembe ya ndovu hubeba alama za majani aliyokula na mwamba wa nchi aliyoikanyaga, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulitumia alama hizo kufuatilia ndovu wa biashara ya karne ya 19 katika Afrika Mashariki. Mbinu hiyo ielekezwe kwenye pembe za kale zilizochongwa Asia na Ulaya. Vyuo vyetu vidai nafasi katika kazi hiyo, visingoje kualikwa kushika koleo.

Nawe msomaji una sehemu yako. Shanga iliyookotwa ufukweni na kuuzwa kwa mtalii bado ina kemia yake, lakini tabaka lake limepotea na umri wake umekwenda nalo. Ukichimba kisima au msingi wa nyumba ukakuta vigae, simama, usivioshe, usivihamishe. Toa habari kwa Makumbusho ya Taifa ukiwa Kenya, au kwa idara ya mambo ya kale ukiwa Tanzania Bara au Zanzibar. Fanya hivyo hata kama hakuna kaure hata moja, ni vipande vya chungu cheusi tu.