Kasapa: Kidonge cha sukari hakinywewi tumbo tupu

Kunako Kasapa, upande wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nyumba nyingi zinalala watu kuliko vitanda vilivyomo. Ndugu wamekimbia, wawe wametoka upande wa Mitwaba na Pweto, Kalemie au Kivu, na sufuria moja ya bukari inagawiwa kwa midomo mingi. Katika nyumba kama hizo hakukosi kambo mwenye ugonjwa wa sukari, na kimfuko cha vidonge kimefungwa kwenye pindo la kitenge chake.

Shida ni kwamba vidonge hivyo viliandikwa kwa mtu anayekula asubuhi, saa sita na jioni. Lakini kambo anakula mara moja kwa siku, na kuna siku hapati hata hiyo moja. Kidonge hakiwezi kujua kwamba leo hakuna unga nyumbani.

Watu wengi wenye ugonjwa wa sukari wa aina ya pili hupewa dawa mbili pamoja, mara nyingine zikiwa ndani ya kidonge kimoja. Ile inayojulikana sana ni metformini pamoja na glibenklamidi. Inafaa kuelewa kazi ya kila moja, maana hatari zao si sawa.

Metformini inapunguza sukari ambayo ini linaitoa na kusaidia mwili kutumia insulini yake vizuri. Ikiwa peke yake, ni nadra ishushe sukari kupita kiasi. Glibenklamidi inafanya kazi kwa njia nyingine: inalazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula ao hajakula. Asipokula, insulini ile inamaliza sukari kidogo iliyobaki katika damu. Hapo ndipo mtu anatoka jasho la baridi, anatetemeka, moyo unapiga mbio, anaongea maneno yasiyoeleweka, na mwisho anazimia.

Jirani anayemwona mtu katika hali hiyo anaweza kufikiri amelewa lutuku. Mwingine atasema ni malaria imepanda kichwani, na mwingine atasema ni ulozi. Wakati wanabishana, ubongo unakosa chakula chake. Sukari ya damu ikiwa chini ya 70 kwa kipimo cha miligramu kwa desilita, ni dharura. Asiye na kipimo asisubiri kukipata.

Kinachofaa ni rahisi. Kama mgonjwa anaweza kumeza, apewe maji yenye vijiko vitatu ao vinne vidogo vya sukari. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, apewe tena. Akipata nguvu, ale chakula kamili, kisha apelekwe kituo cha afya. Hata akisema amepona, apelekwe, kwa sababu glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena usiku, watu wakiwa wamelala. Kama amezimia, asitiliwe kitu chochote mdomoni, atasongwa. Huyo ni wa kukimbiza hospitali mara moja.

Kuna watakaosema: basi vidonge hivyo vya pamoja viachwe. Hapana. Kwa mtu anayekula kwa saa zake, kidonge kimoja mahali pa viwili kinamsaidia asisahau, na sukari iliyoachwa kupanda miaka na miaka inaharibu macho, figo na miguu. Kuacha dawa ghafula kwa sababu ya woga ni kutoka katika shimo moja na kuingia katika lingine. Jambo la lazima ni kulinganisha dawa na maisha ya yule anayeimeza.

Kwa hiyo swali la kwanza la munganga ao muuguzi kwa mgonjwa aliyekimbia kwao lingepaswa kuwa: «Mama, unakula mara ngapi kwa siku?» Jibu likiwa mara moja, ao «inategemea», maandishi ya dawa yabadilike. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linaweka metformini mbele, na pale hatari ya sukari kushuka ni kubwa, linashauri kuchagua dawa ya jamii ya glibenklamidi iliyo salama zaidi, kama gliklazidi. Orodha ya OMS ya dawa za lazima inasema pia kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliopita miaka 60. Makambo wengi wa Kasapa wamo katika hesabu hiyo.

Swali hilo halihitaji mashini wala feza. Linahitaji dakika moja tu. Na mgonjwa asiulizwa, aseme mwenyewe, bila haya. Kukosa chakula baada ya kukimbia vita si aibu. Aibu ni kuzikwa kwa sababu ya kitu ambacho neno moja lingezuia.

Wauzaji wa dawa nao wana sehemu yao. Vidonge vilivyohesabiwa na kutiwa katika karatasi bila jina ni mtego. Mtu anaweza kuwa na kidonge cha pamoja aliyopewa kule alikotoka, kisha akanunua glibenklamidi hapa kwa jina lingine, na kumeza zote mbili akifikiri ni dawa tofauti. Jina la dawa na kipimo chake viandikwe kwenye kila kimfuko. Na mgonjwa anapokwenda kwa munganga, achukue dawa zake zote, hata zile za miti, azipange mezani.

Dawa za magonjwa mengine zinaweza pia kuongeza hatari. Kinini ya malaria inashusha sukari. Kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaijua kama Bactrim, inaweza kuzidisha nguvu ya glibenklamidi. Pombe kali bila chakula inafanya vilevile. Na kama mtu anatapika na kuhara, na kipindupindu si kigeni katika jimbo hili, aende kituo cha afya upesi na aseme kwamba anakunywa metformini: mwili ukikauka na figo zikichoka, dawa hiyo inaweza kutia damu asidi ya hatari. Ndiyo maana figo zipimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Yabaki maombi ya kufunga. Katika makanisa mengi watu wanafunga siku tatu kavu, na waislamu wana Ramadani. Anayekunywa glibenklamidi asifunge bila kuongea kwanza na munganga. Mchungaji ao imamu anayetangaza hilo mbele ya waumini anaokoa watu.

Katika nyumba, sheria iwe hii: chakula kiwe kimeiva ndipo kidonge cha pamoja kitoke kwenye kimfuko. Siku isiyo na chakula, kidonge hicho kisubiri, na munganga ajulishwe. Dozi iliyosahauliwa isilipwe kwa kumeza mbili. Sukari kidogo iwekwe katika karatasi karibu na mgonjwa, na watoto waonyeshwe ilipo.

Familia iliyopokea ndugu kumi inaweza kusema haina sukari ya kuweka akiba. Vijiko vinne tu vinatosha. Viwekwe pembeni kabla chai haijagawiwa.