BUSTANI YA MAMA NGINA: ISIWE YA KUTAZAMWA TU



Ukishuka kivukoni Likoni upande wa kisiwani, ukashika mkono wa kulia, utafika penye mibuyu ya Mama Ngina. Mahali hapa twapajua sote. Wakati wa Wakoloni barabara yake iliitwa Azania Drive, na aliyekaa pale kupunga upepo hakuwa mtu wa koleo wala wa nyundo. Baada ya Uhuru tukaenda na watoto wetu, tukakaa ukutani tukitazama meli zikiingia Kilindini, tukala mihogo ya kukaanga na kunywa madafu.

Mwaka 2019 Serikali ilipatengeneza upya. Ekari zipatazo 26 zilitiwa njia za miguu, taa, viti na mahali pa michezo, kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi milioni 460. Tarehe 20 Oktoba mwaka ule Sikukuu ya Mashujaa ikafanywa papo hapo. Sisi twasema kazi ile ilikuwa njema. Aliyeona mahali palivyokuwa kabla yake, naye ni mtu wa haki, hatakana.

Lakini wako wenzetu wanaouliza: Chama cha wafanya kazi kina haja gani na bustani? Kazi ya chama si mshahara?

Twawajibu hivi. Mtu anayekaa chumba kimoja na mke na watoto wanne, akitoka zamu ya usiku, atapumzika wapi? Watoto watachezea wapi naye amelala? Ufuoni kwenyewe njia nyingi zimezibwa kwa kuta za wenye mali, na mahali palipo wazi huulizwi hujambo, huulizwa utanunua nini. Kwa hiyo mahali pazuri pasipo malipo ni nyongeza ya mshahara ambayo hakuna tajiri awezaye kuikata. Siku mahali hapo pakitiwa lango na tikiti, mshahara wetu utakuwa umepunguzwa, hata kama karatasi ya malipo haionyeshi.

Tena tusisahau ya wazee wetu. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari na wa reli na wengineo, waliacha kazi kwa siku kama kumi na mbili. Hawakuwa na jumba la mkutano. Walikusanyika kila siku katika kiwanja wazi, wakakipa jina wenyewe: Kiwanja cha Maskini. Pale walishauriana, pale walitiana moyo. Watu wasio na kiwanja hawana mahali pa kusikia sauti yao wenyewe.

Sasa twataja mambo matatu ambayo twaona hapana budi yaangaliwe.

La kwanza ni matunzo. Sisi watu wa reli twajua jambo hili kuliko wengi. Njia ya reli haiishi siku inapofunguliwa kwa bendera na hotuba. Siku ya pili yake genge hutoka na nyundo na spana, hukaza bolti, hushindilia kokoto, hubadili mataruma yaliyooza. Genge likiondolewa, gari moshi litaanguka, ijapokuwa reli ni mpya. Bustani ya pwani ni vivyo hivyo, na tena kuna chumvi ya bahari inayokula chuma usiku na mchana. Tumepata kuona bustani nyingine, mji hatuutaji, iliyofunguliwa kwa ngoma. Baada ya miaka michache bomba halina maji, choo kina kufuli, na taa zimebaki nguzo. Fedha za kujengea zilipatikana, za kutunzia hazikuwekwa. Basi kila mwaka zitengwe fedha za matunzo, na wafagiaji, walinzi na watunza miti waandikwe kazi ya kudumu, si vibarua wa leo na kesho.

La pili ni wachuuzi. Mama wa mihogo na kijana wa madafu si takataka ya kufagiliwa ili mahali papendeze. Wao ndio waliopafanya mahali hapa papendwe tangu hapo. Wakipangwa, wapangwe kwa kushauriwa, wapewe maji na kivuli, na ada iwe ya mtu mdogo. Akiondolewa muuza mihogo akawekwa mwenye hoteli, mfanya kazi naye ameondolewa, maana hatakuwa na cha kununua.

La tatu ni shauri. Katiba ya mwaka 2010 yasema wananchi washirikishwe katika mambo ya Serikali. Basi pwani yo yote itakapotengenezwa, iwe Mombasa au Kisumu, tusiitwe siku ya kupiga makofi tu. Tuitwe siku ya kuchora ramani. Mtu anayevuka Likoni kila asubuhi angeweza kuwaambia wachoraji mahali panapohitaji kivuli, taa na bomba la maji.

Na kivuko kile ni mfano mzuri kwetu. Aendaye kwa miguu havuki kwa nauli, na hakuna asemaye kwamba Serikali imefilisika kwa sababu hiyo. Lifanywalo majini laweza kufanywa nchi kavu.

Nasi tuna wajibu wetu. Tusivunje viti, tusitupe vifuu na karatasi chini ya mibuyu, tusinyamaze tuonapo mwingine akiharibu. Mali ya wote ikikosa mwenyewe wa kuilinda, hupata mwenyewe wa kuinyakua.

Mkutano wa tawi ujao tulete neno hili, tulijadili, tuwaandikie wanaohusika barua moja yenye majina mengi. Umoja ni nguvu.