Majengo ya Jiji si Shamba la Bibi

Kila mara mfuko wa halmashauri unapopwaya, hujitokeza watu wenye shauri moja tu: liuzwe jengo la mjini. Hudai kwamba jengo limechakaa, kwamba ukarabati wake ni mzigo, na kwamba fedha za mauzo zitajenga zahanati na madarasa. Shauri hilo ni tamu masikioni, lakini ni shauri la mtu anayechinja ng'ombe wa maziwa kwa sababu leo amekosa kitoweo. Zahanati hujengwa mara moja. Dawa na chaki huhitajika kila mwaka. Jengo likishauzwa, kodi ya pango ya kuzinunua itatoka wapi?

Taifa limekwisha kulipia somo hili. Mwaka 2002 Serikali iliamua kuwauzia watumishi wake nyumba za umma, nazo zikauzwa kwa maelfu, zikiwamo za Oysterbay. Waliokuwa kazini siku zile walipata. Mtumishi aliyeajiriwa baadaye alikuta hati ziko mikononi mwa watu binafsi, na umma ukalazimika kuanza kujenga upya. Mwaka 2011 ikafuata zamu ya hisa za Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974. Uuzaji huo ulizaa mgogoro wa miaka mingi, uliofika hata Bungeni.

Sasa na aulizwe mkazi wa Sinza. Mtaa wake ulizaliwa katikati ya miaka ya 1970 kutokana na mradi wa viwanja vilivyopimwa. Umma ulipima ardhi na kuleta huduma, mwananchi akajenga nyumba yake. Huo ndio ushirikiano uliompa mwalimu na karani mahali pa kuishi. Tangu mwaka 2016 mkazi huyo ni wa Manispaa ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni. Kisha, Februari 2021, Halmashauri ya Jiji iliyokuwa na wawakilishi wa manispaa zote ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji.

Hapo ndipo penye hatari. Jengo la mjini lililotunzwa kwa kodi na ushuru wa wakazi wa pande zote laweza kuamuliwa na baraza ambamo diwani wa Sinza hana kiti. Je, mkazi wa Temeke, Kinondoni, Ubungo au Kigamboni asomewe tu matokeo ya mnada wa mali aliyoichangia?

Wapenda mauzo husema kwamba jengo likibaki mikononi mwa umma litaanguka. Ni kweli kwamba yapo majengo ya umma yaliyotelekezwa, na wapo wapangaji waliokaa bila kulipa. Lakini uzembe wa mtunzaji hauponywi kwa kuuza kinachotunzwa. Huponywa kwa kumwajibisha mtunzaji. Boma la Kale, lililojengwa katika miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid, halikuuzwa. Lilikarabatiwa, na mwaka 2017 kikafunguliwa humo kituo cha urithi wa usanifu majengo. Ukumbi wa Karimjee, uliokuwa makao ya Bunge la kwanza la nchi huru, ungali ukipokea wananchi wanaokwenda kuwaaga viongozi wao. Ni dalali gani atakayeandika bei ya kumbukumbu hiyo?

Njia ya haki haina fumbo. Kwanza, orodha ya majengo yote ya umma mjini, pamoja na wapangaji na kodi wanazolipa, iwekwe hadharani, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, jengo lenye kuhitaji mtaji likodishwe kwa muda maalumu na kwa zabuni ya wazi, ili mkataba ukiisha lirudi kwa wenyewe. Tatu, pasiwe na uuzaji wowote kabla ya halmashauri zote tano kusikilizwa.

Watumishi wa umma ndio wanaoandika madokezo, kukadiria thamani na kupeleka mafaili barazani. Wasiwe makarani wa mnada. Kizazi kilichopo kimekabidhiwa funguo za majengo haya kiyatunze. Hakikukabidhiwa idhini ya kuyala.